Nikiitikia "utuombee", nimemwabudu Maria?

"Bwana asifiwe, Mwalimu. Nimelelewa KKKT, nikaolewa na Mkatoliki, huu ni mwaka wa nne. Oktoba hii jumuiya yetu inasali Rozari nyumba kwa nyumba, na mama mkwe alinipa kumi moja, yaani Salamu Maria kumi, niongoze. Nusu ya kwanza ya Salamu Maria haikunipa shida, maana ni maneno ya Luka, nayajua tangu shule ya Jumapili. Ila walipoongoza wengine na ikanibidi kuitikia 'Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu, utuombee', mdomo ulinigoma. Jumamosi sanamu ya Bikira Maria inakuja kulala kwetu. Je, nikiitikia nimemwabudu mwanadamu? Na kama hammwabudu, mbona ninyi wenyewe mnaita 'ibada kwa Bikira Maria'? Nijibu kwa Biblia, Mwalimu, isiwe mapokeo tu."

Amina, dada yangu. Kwanza niseme kwamba kunyamaza kwako hakukuwa utovu wa adabu. Mtu ambaye dhamiri yake haijaridhika akinyamaza mbele ya Mungu, ameiheshimu sala kuliko anayebwabwaja. Nimefundisha makatekista kwa zaidi ya miaka 20, na swali lako naulizwa kila mwaka na Wakatoliki wenyewe, wale wanaothubutu. Nitaanza na la mwisho, la neno ibada, kwa sababu naamini nusu ya ugomvi wetu huku kwetu imejificha humo.

Ibada imetufikia kutoka Kiarabu. Ina mzizi mmoja na kuabudu, mzizi mmoja na jina Abdallah, mtumwa wa Mungu. Anayesikia "ibada kwa Bikira Maria" ana haki kabisa ya kusikia "kumwabudu Bikira Maria". Kigiriki cha Kanisa la kale kilikuwa na maneno mawili mahali ambapo sisi tuna moja. Latreia ni kuabudu, na ni ya Mungu peke yake. Duleia ni heshima wanayopewa watakatifu. Maria anapewa hiyo ya pili, kwa kipimo cha juu kuliko watakatifu wengine wote, lakini inabaki kuwa ya pili. Usidhani ni ngazi, kwamba ukizidisha heshima kidogo kidogo mwishowe unafika kwenye kuabudu. Ukimpenda mama yako mara elfu zaidi bado hujamfanya muumba wako. Mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa Pili wa Nikea, mwaka 787, ulipokuwa ukitetea picha takatifu, uliutamka mpaka huo waziwazi: kuabudu kwenyewe ni kwa Mungu tu.

Kiswahili kikavitia vyote viwili katika kapu moja, na si kwa Wakatoliki tu. Kwenu mnasema ibada ya mazishi, mnasema ibada ya ndoa, na hakuna Mlutheri anayedhani mmemwabudu marehemu au bwana harusi. Neno limepanuka, nalo linaeleweka kwa mahali lilipotumika. Hata hivyo mimi darasani nimeliacha. Nasema "heshima kwa Bikira Maria", na makatekista wangu nawataka wafanye vivyo hivyo, kwa sababu neno ambalo kila ukilitamka mbele ya jirani unahitaji dakika kumi za kulitetea, halina faida kwetu.

Tena usifikiri Kanisa halijawahi kukutana na watu waliovuka mpaka. Karne ya 4, Epifani, askofu wa Salamini huko Kipro, aliandika dhidi ya wanawake wa Uarabuni waliokuwa wakimtolea Maria mikate kama sadaka. Jibu lake lilikuwa kwamba Maria aheshimiwe, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu waabudiwe, na Maria asiabudiwe na mtu yeyote. Angalia kilichomkera: sadaka. Hapo ndipo penye kipimo mpaka leo. Misa inatolewa kwa Mungu Baba kwa njia ya Kristo, basi. Nenda kanisani siku ya sikukuu ya Maria, katika parokia yenye jina lake, kanisa limejaa maua na vitenge vyenye sura yake, usikilize sala za padre altareni neno kwa neno. Hutasikia sadaka ile ikitolewa kwa Maria. Hutasikia mahali popote.

Sasa tuje kwenye neno lililokugomea mdomoni. Chukua kitabu cha sala cha mumeo, ufungue Litania ya Bikira Maria, ile tunayoisali baada ya Rozari. Usiisali, isome tu kama mwalimu wa sarufi. Inaanza "Bwana, utuhurumie. Kristo, utuhurumie." Anatajwa Mungu Baba wa mbinguni, watu wanaitikia "utuhurumie". Mwana, utuhurumie. Roho Mtakatifu, utuhurumie. Utatu Mtakatifu, utuhurumie. Halafu kiongozi anasema "Maria Mtakatifu", na itikio linageuka palepale: "utuombee". Kuanzia hapo majina yanashuka kama mvua, Mlango wa mbingu, Nyumba ya dhahabu, Nyota ya asubuhi, Makimbilio ya wakosefu, moja zuri kuliko jingine, na itikio halipandi hata kidato kimoja. Utuombee. Utuombee. Utuombee. Mwishoni anatajwa Mwanakondoo wa Mungu, na watu wanarudi kule walikoanzia, kuomba msamaha na huruma. Nimewasikia bibi vizee wasiojua kusoma wakiigeuza ile kauli bila kukosea hata mara moja. Ulimi wao unajua nani anahurumia na nani anaombea.

Irabu ile inayotofautisha kuomba na kuombea imebeba fundisho zima. Kumwomba mtu chumvi ni jambo moja. Kumwomba mtu akuombee ni kukiri palepale kwamba yupo mwingine mkubwa kuliko ninyi wawili, na kwamba ninyi wawili mnasimama upande mmoja mbele yake. Ndiyo maana sala yenyewe inasema "utuombee sisi wakosefu, sasa na saa ya kufa kwetu". Mtu hamwambii mungu wake amwombee. Amwombee kwa nani?

Lakini umeniomba ukweli, kwa hiyo sitakuficha mahali ambapo sarufi hii inaonekana kuvunjika. Tuna sala ya zamani sana ya kuukimbilia ulinzi wa Mzazi Mtakatifu wa Mungu. Maneno yake ya Kigiriki yamekutwa kwenye kipande cha mafunjo kutoka Misri ambacho sasa kimehifadhiwa Manchester, Uingereza. Wapo wataalamu wanaokiweka karne ya 3, wengine wanasema ni cha baadaye. Sala hiyo inasema wazi: utuokoe. Tuna pia "Salamu Malkia", inayomwita Maria uzima, tulizo na matumaini yetu. Ndugu yako Mlutheri akiyasikia hayo, ananyanyuka kitini, nami simlaumu. Ninachomwomba ni asimame mpaka mwisho wa sala. "Salamu Malkia" inaendelea kumwita "mwombezi wetu", kisha inataja kile hasa inachokitaka kwake: "mwisho wa ugeni huu utuonyeshe Yesu". Hayo maneno makubwa ya mwanzo ni maneno ya mtu anayelia. Mama aliyetoka hospitali na mtoto mzima anamwambia nesi "umeniokolea mwanangu", na nesi hamkosoi. Hata hivyo, sala za kilio zinasomwa kwa mwanga wa mafundisho, kamwe mafundisho hayasomwi kwa mwanga wa kilio. Padre au katekista akilisahau hilo, amewapoteza watu.

Umetaka Biblia. Mstari ambao nina hakika umeshaambiwa ni ule wa 1 Timotheo 2:5: "Mungu ni mmoja, na mpatanishi kati ya Mungu na wanadamu ni mmoja, Mwanadamu Kristo Yesu." Tunaukubali wote, bila kupunguza nukta. Ila panda juu kidogo, mpaka mstari wa 1 wa sura hiyohiyo, uone Paulo anaagiza nini: dua, sala, maombezi na shukrani zifanyike kwa ajili ya watu wote. Kama kuombeana kunampunguzia Kristo upatanishi wake, basi Paulo amejipinga ndani ya mistari mitano. Kuombeana kunawezekana kwa sababu tu mpatanishi ni mmoja na sote tumo ndani yake. Ukimwambia mchungaji wako "niombee, mwanangu anaumwa", hujamweka mahali pa Kristo, na Maria naye hatumwombi kitu cha aina nyingine.

Hapo wewe utasema: mchungaji yu hai, Maria amekufa. Ni hoja halali, na hapa ndipo makanisa yetu yanapoachana kwelikweli, kuliko pale kwenye kuabudu. Sisi tunaamini kwamba aliye ndani ya Kristo hafungiwi nje ya sala kwa sababu ya kufa. Yesu aliwajibu Masadukayo kwamba Mungu si Mungu wa wafu, bali wa walio hai. Waraka kwa Waebrania, ukishawataja mashujaa wa imani waliokufa zamani, unasema tumezungukwa na wingu kubwa la mashahidi. Na katika Ufunuo 5:8 wazee wa mbinguni wameshika vitasa vya dhahabu vilivyojaa manukato, ambayo ni maombi ya watakatifu. Sitakuambia mistari hiyo inamlazimisha Mlutheri kumaliza ubishi leo. Nakuambia tu kwamba anayesema "utuombee" anasimama juu yake.

Kana unaijua, Yohana 2. Watu wengi kwetu wanaipenda kwa sababu ya ile "hawana divai", mama aliyeona aibu ya wenye harusi kabla ya wageni. Kwa mtu aliyewahi kukaa kamati ya harusi, mtu aliyeona sufuria la pilau likikaribia kukwanguliwa na foleni bado ndefu, hahitaji mfafanuzi. Mimi huwa nakaa zaidi kwenye neno lake la mwisho. Baada ya kuwaambia watumishi "Lo lote atakalowaambia, fanyeni", Maria hasemi tena neno lolote katika Injili ya Yohana. Atakuwepo msalabani, amesimama, kimya. Amewakabidhi watumishi kwa Mwanawe na akanyamaza, na maji ya ile mitungi sita ya mawe hakuyagusa yeye. Heshima yoyote kwa Maria ambayo haiishii kwenye "atakalowaambia, fanyeni" imekatikia njiani.

Jina "Mama wa Mungu" najua linakusumbua, maana linasikika kama Mungu ana chanzo. Kwa bahati nzuri Kiswahili kinatusaidia kuliko lugha nyingi. Hapo mtaani kwenu mwanamke akijifungua Baraka, kesho yake ni Mama Baraka. Jina lake jipya limebeba jina la mtoto. Wala hakuna anayesema "huyu ni mama wa mwili wa Baraka tu, roho alipewa na Mungu, kwa hiyo tumwite Mama Mwili". Mama anazaa mtu, hazai kipande cha mtu. Mwaka 431 maaskofu walipokutana Efeso ndilo lililokuwa mezani. Nestori, askofu mkuu wa Konstantinopoli, alitaka Maria aitwe mzazi wa Kristo, akiliogopa lile jina la mzazi wa Mungu. Askofu Sirili wa Aleksandria akajibu kwamba aliyezaliwa Bethlehemu ni mmoja, naye ni Mungu aliyetwaa mwili; ukikataa kumwita mama yake Mzazi wa Mungu, umemgawa Yesu vipande viwili. Mtaguso ukakubali. Jina lile liliwekwa kumlinda Mwana. Na mzazi, kwetu, ndiye yule anayelazwa wodi ya wazazi, mwenye maumivu na damu na kanga mbili mkobani. Mungu alikubali kuzaliwa hivyo. Mimi kila nikilitamka jina hilo nashangaa upya, na mshangao wangu ni kwa Mungu.

Rudi sasa kwenye Biblia yako, Luka 1:28. Malaika anamwita "uliyepewa neema". Sisi katika sala tunasema "umejaa neema", lakini tafsiri yenu imeiweka wazi zaidi ile kauli ya kutendewa iliyo katika Kigiriki. Amepewa. Shika hilo, kwa sababu mafundisho mawili juu ya Maria ambayo yanawakwaza Waprotestanti zaidi yamejengwa kwa kauli hiyohiyo. Papa Pio IX, tarehe 8 Desemba 1854, alitangaza kwamba Maria alikingiwa dhambi ya asili: alikingiwa, hakujikinga. Hati yenyewe inasema ni kwa mastahili ya Yesu Kristo. Alipoimba "roho yangu imemfurahia Mungu, Mwokozi wangu" alisema kweli tupu, maana kuna kuokolewa kwa kutolewa shimoni na kuna kuokolewa kwa kushikwa mkono kabla hujatumbukia, na mwokozi ni yule yule. Kisha tarehe 1 Novemba 1950, Papa Pio XII alitangaza kwamba Maria alipalizwa mbinguni mwili na roho. Kwenye kalenda yetu tuna sikukuu mbili ambazo mgeni huzichanganya: Kupaa Bwana na Kupalizwa Bikira Maria. Bwana alipaa, kwa uwezo wake. Mama alipalizwa, alinyanyuliwa. Waliotutafsiria maneno hayo sijui walikesha masiku mangapi, lakini Mungu awalipe, maana mtoto wa komunyo ya kwanza akiyaelewa matendo hayo mawili hatamchanganya Maria na Mungu maisha yake yote.

Kuhusu ubikira wake wa daima na "ndugu zake Yesu" hukuniuliza, kwa hiyo napita. Itoshe kusema kwamba Martin Luther mwenyewe aliushika ubikira huo. Luther pia, mwaka 1521, aliufafanua wimbo wa Maria kwa upendo mkubwa, akisisitiza kwamba anayesifiwa mle ni Mungu aliyeutazama unyonge wa mjakazi wake. Hilo nami nafundisha. "Tokea sasa wataniita mbarikiwa vizazi vyote": sababu ipo mstari unaofuata, "kwa kuwa Mwenye nguvu amenitendea makuu".

Na Kanisa limeendelea kujichunga. Wakati wa Mtaguso wa Pili wa Vatikano kulikuwa na mvutano mkubwa: Maria aandikiwe hati yake peke yake, au awe sura ndani ya hati ya Kanisa? Kura zilipigwa tarehe 29 Oktoba 1963. Waliotaka awekwe ndani ya hati ya Kanisa walikuwa 1,114, waliotaka hati ya peke yake 1,074. Tofauti ya kura 40! Ndiyo maana leo ukitafuta fundisho la Mtaguso juu ya Maria unalikuta sura ya 8 ya hati ya Kanisa, kwa sababu yeye ni mmoja wetu, wa kwanza wetu, ndani ya nyumba na si juu ya paa. Sura hiyo inasema umama wake haupunguzi hata kidogo upatanishi wa pekee wa Kristo, na inawaonya wahubiri wajiepushe na kutia chumvi, kama vile wajiepushe na roho finyu. Tena Novemba 2025 ofisi ya Vatikani inayosimamia mafundisho ya imani ilitoa hati kuhusu majina ya Maria, ikasema kumwita Mkombozi-mwenza hakufai. Wapo Wakatoliki walioumia. Mimi nilishukuru.

Nisipokuambia makosa yetu, jibu langu litakuwa nusu. Mama mmoja aliwahi kuniambia, kwa moyo mweupe kabisa, "Mwalimu, Yesu namwogopa, ila Mama ananielewa." Sikuweza kumjibu mara moja. Nani alimfundisha kumwogopa Yesu aliyewapokea wadhambi na kula nao? Sisi. Tulimchorea Mwana mwenye hasira na Mama anayemshika mkono asipige, na huyo si Yesu wa Injili. Wako wanaotundika rozari kwenye kioo cha daladala kama hirizi. Zipo jumbe za simu zinazosambazwa na waumini wetu, "tuma kwa watu 12 kabla ya usiku wa manane Bikira Maria akutendee muujiza". Ukitumiwa, futa. Huo ni ushirikina, uite kwa jina lake.

Hapa Maziwa Makuu tuna mahali pamoja panaponifundisha kuliko vitabu. Kibeho, kusini mwa Rwanda. Tarehe 28 Novemba 1981, msichana wa shule aitwaye Alphonsine Mumureke, akiwa kwenye bwalo la chakula, alimwona Mama akamuuliza ni nani. Jibu lilikuja kwa Kinyarwanda: "Ndi Nyina wa Jambo". Mimi ni Mama wa Neno. Jambo ndilo neno linalotumiwa na Biblia ya Kinyarwanda pale Yohana anapoanza Injili yake. Hakujitambulisha kwa sifa yake, alijitambulisha kwa mtoto, kama Mama Baraka. Waliodai kutokewa wakawa wengi. Askofu Augustin Misago alisubiri hadi tarehe 29 Juni 2001 ndipo akatamka, na akawakubali wasichana watatu tu. Hata hapo Mkatoliki halazimiki kuamini Kibeho, maana maono hayaongezi kitu kwenye Injili. Ujumbe uliotoka pale ulikuwa toba na sala. Aprili 1994 watu kwa maelfu waliuawa kanisani Kibeho penyewe, na Marie Claire Mukangango, mmoja wa wale watatu, naye aliuawa katika miaka hiyo ya mauaji. Wengi wa wauaji wa nchi ile walikuwa wamebatizwa, na rozari waliijua. Anayeniambia shanga zinalinda zenyewe, namjibu kwa jina hilo: Kibeho.

Basi Rozari ni nini? Bibi yangu alikuwa na moja ya plastiki ya bluu, imekatika mara mbili na kuungwa kwa uzi wa nyavu, msalaba wake umebaki mti mtupu, mwili wa Yesu ulikwisha dondoka. Akizima koroboi anaanza. Mimi nililala kila siku kwenye kumi la tatu, hakuniamsha hata mara moja. Nilipokua nilimuuliza hachoki kurudia. Akasema, "Maneno ni ya mdomo. Mimi macho yangu yako Bethlehemu." Miaka mingi baadaye nikakuta Papa Paulo VI mwaka 1974 ameandika jambo hilohilo, kwamba Rozari bila kutafakari ni mwili bila roho. Makumi matano kwa siku, kila kumi lina tendo lake la kutafakari, na kwa mzunguko wa siku matendo hayo yanakwenda kuanzia malaika kwa Maria hadi msalaba na ufufuko. Matendo ya mwanga, yenye ubatizo wa Yesu na Kana na Ekaristi, aliyaongeza Yohane Paulo II mwaka 2002. Karibu yote ni maisha ya Yesu. Kuhusu Mathayo 6:7, ule mstari wa kupayuka-payuka, Bwana anakataza kudhani kwamba wingi wa maneno unamlazimisha Mungu. Kurudia peke yake hakukatazwi: Zaburi ya 136 inarudia "kwa maana fadhili zake ni za milele" mara 26, na Yesu mwenyewe Gethsemane alisali mara ya tatu "akisema maneno yale yale". Ila nakubali, jumuiya nyingi zinakimbia. Itikio linaanza kiongozi hajamaliza, na tendo linatajwa kama namba ya basi. Kwa mwendo huo hata mimi sijui tunatafakari nini.

Sasa Jumamosi. Ongea na mumeo kabla, mkiwa wawili, mama mkwe asiwepo. Mwambie kilichokugomea na kwa nini. Hana mamlaka ya kukulazimisha, na akijua atakulinda mbele ya wanajumuiya. Sanamu ipokeeni. Ni plasta iliyopakwa rangi, haisikii wala haioni, na Mkatoliki anayejua imani yake atakuambia hivyo bila kusita. Inamkumbusha mtu, kama picha ya marehemu baba yako pale sebuleni. Wengine watapiga magoti. Usiku wa kwanza itakushtua, lakini ukiwa umetoka kwa Wasukuma au Wahaya unajua binti anavyopiga goti kumwamkia mkubwa, na hakuna aliyewahi kusema amemwabudu shangazi. Wewe ukikaa kitini, kaa.

Mezani weka kitambaa safi, na mbele ya sanamu weka Biblia yako, ile ya kwenu, ikiwa wazi Luka 1. Wakikupa kumi, ongoza kama ulivyoongoza. Wakati wa kuitikia, sema yale ambayo dhamiri yako imeyakubali hadi sasa, mengine acha, na usimwombe mtu radhi. Kesho yake jioni watakuja kuichukua kwa wimbo waipeleke nyumba ya jirani, nawe utakuwa umeshajua kama neno lile bado linakugomea. Niandikie.